Chiriku Kwenye Ukungu

Pale yadini walikuwa na mzaha wao mmoja na hawakuwahi kuuchoka: Bubu kaoa Chiriku. Bubu ni mimi. Nimeendesha malori ya magogo tangu ndevu hazijaniota vizuri, na kwenye kazi ile mtu anaweza kushinda kutwa bila kufungua kinywa isipokuwa kwa kula. Ilinifaa sana. Chiriku alikuwa mke wangu, mtu wa ofisi ya redio. Aliongea akivaa, aliongea akipiga mswaki, aliongea na sufuria. Mungu hakutujalia mtoto. Alitujalia maneno, na yote akampa yeye.

Kazi yetu ilikuwa kushusha magogo kutoka msituni, kule juu, hadi yadi ya mbao huku chini. Barabara ni moja, imechongwa ubavuni mwa mlima, na kwenye kona zake malori mawili hayapishani hata madereva wawe wametoka tumbo moja. Ukungu ukishuka huoni pua ya lori lako mwenyewe. Hapo ndipo mke wangu alipokula jasho lake. Alikaa kwenye kile chumba cha mabati, mbele ya redio ya upepo, akituita mmoja mmoja kwa majina yetu ya utani, kona hadi kona, ili ajue nani yuko wapi na nani asubiri.

"Kisogo, upo?"

"Nipo, dada. Naacha Jiwe Refu."

"Haya, shuka polepole. Anayepanda nimemzuia hapa kibandani, amenuna huyo, utadhani nimemnyima mke."

Katikati ya hayo aliingiza habari za paka wa jirani, ndoto aliyoota, na nani amenenepa. Sheria yake kubwa ilikuwa ya kitufe. Redio zile, ukishika kitufe unasikika, lakini wewe mwenyewe husikii kitu hadi ukiachie. Kila dereva mgeni alifundishwa kwa makelele: "Sema, halafu achia kitufe! Ukikishika umejiziba masikio!" Na mwalimu mwenyewe ndiye aliyeongoza kwa kukishika. Kuna siku Kisogo alipasukiwa na tairi Darajani, ikabidi asubiri hadithi ya paka iishe ndipo aombe msaada.

Mimi sikusema "nipo." Akiniita nilibonyeza kitufe mara mbili: tik, tik. Alinijua kwa hiyo.

"Mnamsikia mume wangu?" aliwaambia wenzangu. "Anaogopa maneno yatamwishia. Sema nipo, baba! Meno yatadondoka?"

Tik, tik. Basi barabara nzima inacheka. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na Kisogo alikuwa akisema mshindo wangu umengojwa hadi watu wamestaafu.

Sauti ya mke wangu ilianza kukwaruza mwanzoni mwa msimu mmoja wa ukungu. Nani angeshtuka? Mtu anaongea tangu alfajiri, sauti isikwaruze? Madereva walimwambia ana kutu, wamletee grisi. Kisogo akaleta asali. Msimamizi wa yadi akamwambia apunguze hadithi. Mimi nilimchemshia tangawizi, nikasema mojawapo ya sentensi zangu chache za mwaka ule: "Pumzisha domo, litapona." Alicheka, na kicheko kikatoka kama msumeno butu. Hata zahanatini, muuguzi alipowasikia watu wa foleni wakimwita Chiriku, alicheka naye, akampa vidonge vya kumumunya.

Husemwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yeye hakuficha. Aliyatangaza redioni kila siku ya kazi, na sote tulikuwa tunasikiliza.

Ukungu ulipoisha, kumeza mate kukawa kazi. Ndipo tukaenda hospitali kubwa. Daktari alikuwa mtu mpole, akavuta kiti karibu kabla ya kusema, na mimi daktari akivuta kiti moyo wangu huenda miguuni.

"Kuna uvimbe," alisema, "umekaa palepale sauti inapotokea. Tukiuacha utaziba pumzi. Tukiutoa, mama, tunautoa pamoja na sauti. Utapumulia tundu hapa shingoni."

"Na nitaongeaje?" mke wangu akauliza kwa ile sauti iliyobaki.

"Hutaongea, mama. Mngekuja mapema, labda tungekuwa na njia nyingine."

Alinigeukia. Mwanamke aliyekuwa na neno la kila kitu alikuwa ananiomba mimi neno, na mimi nikatazama viatu vya daktari.

Siku ya mwisho ofisini, ukungu ulikuwepo kidogo tu huko juu, lakini alituita wote kama kawaida. Kila mmoja aliambiwa lake. Kisogo aliambiwa aache kula akiendesha. Mwingine aliambiwa amwoe mchumba wake, asimzungushe. Halafu ikafika zamu yangu.

"Bubu, upo?"

Tik, tik.

"Leo sema, mume wangu. Niondoke na sauti yako."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, dogo, hata mtoto anayejifunza kuongea analiweza, na barabara nzima ilikuwa kimya inalingoja. Sijui ni aibu, sijui ni nini. Nilijua nikilisema nitalia, na mwanamume mwenye tela la magogo nyuma yake hatakiwi kulia. Nikabonyeza.

"Haya, baba," akasema. "Nimekusikia."

Wakati wa upasuaji nilikaa kwenye korido pamoja na baba yake, mzee mfupi, kofia ameikalisha magotini. Yeye ndiye aliyempa jina lile la Chiriku, na mimi nilikuwa na hasira inayotafuta pa kutua.

"Baba," nilimwambia, na adabu sikuwa nayo, "jina lako ndilo linalomuua. Angeitwa kama watu wengine tungesikia kwamba anaumwa. Ulimpa jina la kelele, tukasikia kelele."

Nilidhani atanyanyuka. Aligeuza tu kofia yake.

"Kelele? Nani alikwambia ni kelele?"

"Kila mtu. Anaongea kama chiriku, si ndivyo wanavyosema?"

"Hao wanamsema chiriku wa bondeni, wanayemsikia kwenye mti wa uani. Umewahi kumwona wa kule juu?"

Nilikuwa nimemwona, ndiyo, bila kumtazama. Ni ndege mdogo, rangi ya nyasi kavu, ana michirizi kifuani na umanjano kidogo juu ya mkia usiouona mpaka aruke. Anakaa pale Jiwe Refu na kuendelea juu, kwenye nyasi fupi na mawe, ambako hata miti imekata tamaa. Anakula mbegu za nyasi. Hatembei peke yake.

"Mkeo alikuwa hivi," mzee akasema, akaweka kiganja usawa wa benchi. "Tuliishi kule kabla ya hiyo barabara yenu. Siku hiyo alinifuata malishoni bila mimi kujua, na ukungu ukashuka. Niliita hadi nikakauka. Mtoto akiogopa hunyamaza, mwanangu, na akinyamaza kwenye ukungu umempoteza. Nikasikia chiriku. Wale ndege ukungu ukiwafunika hawaonani, kwa hiyo kila mmoja anasema, ananyamaza kidogo, anasikiliza, anasema tena. Nipo, upo? Nipo, upo? Sisi tunaona ni makelele, kumbe wanatafutana. Basi katikati yao nikasikia kasauti kengine. Kalikuwa kamekaa juu ya jiwe, kanawajibu ndege. Nikakafuata hivyo hivyo, kwa masikio, hadi nikakakanyaga mguu."

Alicheka kidogo, halafu akaacha.

"Nikamwita Chiriku tangu siku ile. Kuongea kwake ndiko kulikompa uhai. Nilitaka akumbuke."

"Na mmoja wao asipojibu?" nikauliza.

"Wanaendelea kumwita," alisema. "Hata ukungu ukiondoka utawasikia bado wanamwita."

Nilifikiria ile ofisi ya mabati, nipo na upo za miaka yote ile, na mimi nikijibu kwa kidole.

Mke wangu alirudi nyumbani na tundu shingoni na kitambaa cheupe cha kulifunika. Nyumba yetu iko kando ya yadi, misumeno inasikika, lakini ndani kulikuwa na kimya ambacho sijawahi kukijua. Mimi ni mtu wa kimya, nilidhani tunafahamiana. Kumbe kimya changu kilikuwa kimekaa mgongoni kwa maneno yake, na sasa kilikuwa chini. Baba yake alihamia kwetu kumwuguza nikiwa kazini. Na baada ya muda daktari akatuambia ugonjwa umeshuka mapafuni, twende naye nyumbani tumkalishe vizuri. Tulimwelewa.

Msimamizi wa yadi, ambaye hatukuwa tukimdhania huruma, alileta redio ya zamani akaifunga kando ya kitanda cha mke wangu, ili asikie wenzake barabarani. Kiti chake ofisini kilikuwa kimekaliwa na karani wa ghala, mtu safi, hana kosa, anayetuita kwa namba za malori. Mke wangu alimsikiliza, akakunja pua.

Kisha ukungu ukarudi. Siku ile ulikuwa mzito kuliko kawaida, mchana lakini taa zote zinawaka na hazisaidii. Nilikuwa natangulia, Kisogo nyuma yangu, na lori la kupanda lilikuwa limezuiwa yadini. Tulikuwa tunakaribia Jiwe Refu. Redio ilikuwa imetulia. Mara nikasikia: tik, tik.

Nilitazama kidole changu. Kilikuwa kwenye usukani.

"Bubu," Kisogo akasema redioni, "ni wewe huyo?"

Tena: tik, tik. Hapo tulielewa wote. Mke wangu alikuwa ananiita kwa sauti yangu mwenyewe, kwa sababu yake ilikuwa imekwisha.

Nikashika kitufe. "Nipo," nikasema.

Lilitoka. Nikaachia.

Tik, tik.

"Niko Jiwe Refu. Ukungu mzito. Magogo yametulia."

Tik, tik.

"Breki nzima." Sikujua watu husema nini baada ya hapo. "Baba amekunywa chai?"

Tik, tik. Nikamwambia kuhusu mvua ya juzi huko msituni. Nikafika Maporomoko, nikamwambia nimefika. Nilikuwa naongea kama mtu anayejaribu kiatu kipya, lakini nilikuwa naongea. Nilipofika Darajani nikaachia kitufe ili nimsikie, sikusikia tik wala tik. Palikuwa na mvumo mrefu tu, shhh, kama pumzi. Nikajua ametulia ananisikiliza.

Basi nikasema yote. Nikamwambia barabara hii naijua hata nikifumba macho, na kwamba miaka yote nilipokuwa nakwenda polepole kwenye ukungu haikuwa hofu. Nilitaka aniite tena kabla sijafika. Nikamwambia kuhusu ile kazi ya kuendesha tambarare niliyoikataa, na nilivyomdanganya kwamba lori lao lilikuwa bovu. Lori lilikuwa jipya. Ni kwamba huko hakuna ukungu, hakuna anayeitwa. Nikamwambia asubuhi kabla hajaamka nafungulia bomba la jikoni maji yadondoke kwenye ndoo, ili nyumba iwe na anayesema. Nikamwomba msamaha kwa ile siku yake ya mwisho ofisini. Nikamwambia, mke wangu, usitangulie, na kama ni lazima utangulie, basi niite. Nililia, gia ya pili, hadi chini kwenye jua.

Nilipozima injini yadini, Kisogo alisimamisha lake nyuma yangu akashuka, macho mekundu.

"Nimesikia yote, kaka," alisema. "Sikujua kama una vitu hivyo ndani."

Sikuona hata aibu. Nilikwenda nyumbani mbio, na umri huu.

Mzee alikuwa mlangoni, kidole mdomoni, ananinyamazisha. "Amelala," alinong'ona. "Usingizi mzuri leo. Tangu pale ulipoulizia chai yangu."

Niliingia. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, kipaza sauti cha redio kifuani. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala juu ya kitufe, kimekikandamiza, na ile taa nyekundu ya redio ilikuwa inawaka.

"Amekishika hivi muda wote?" nikauliza.

"Ameshika nini?" akasema mzee. Mambo ya redio hakuyajua.

Achia kitufe. Ukikishika umejiziba masikio. Nilisimama pale na mikono yangu mikubwa isiyo na kazi. Kisogo kasikia. Labda na wengine walioko milimani walisikia. Hakusikia yeye. Nilitaka kupiga ukuta, nilitaka kumgombeza kama alivyotugombeza sisi, na nilitaka kucheka pia, kwa sababu ndivyo alivyokuwa siku zote, mvunja sheria yake mwenyewe.

Nikamwinua kidole taratibu. Taa ikazimika, na palepale redio ikalipuka kwa sauti za yadi nzima: "Bubu kasema! Jamani, naapa, kasema hadi kalia!" Mke wangu akafumbua macho. Akatazama redio. Akanitazama mimi. Akainua nyusi zile nilizozijua, za mtu aliyekosa habari: kasema nini?

Mzee akachukua kofia yake akatoka nje.

Nilijaribu nikiwa nimemtazama, nikashindwa. Nikazima redio. Nikavuta kigoda, nikakigeuza kielekee dirishani, nikakaa nimempa mgongo. Nje kulikuwa na jua na mbao zimepangwa. Mikono yangu ikainuka yenyewe ikashika usukani ambao haukuwepo.

"Nipo," nikasema. "Niko Jiwe Refu. Ukungu mzito. Magogo yametulia."

Nyuma yangu, kwenye kile kipaza sauti kilichozimwa: tik, tik.

Nikamwambia breki nzima, nikauliza chai ya baba yake, nikasimulia mvua ya msituni upya. Kila nilipotulia alibonyeza. Nilipofika Darajani nikakanyaga breki isiyokuwepo. Tik, tik, alisema. Nikaendelea. Nikamwambia kuhusu mwendo wangu wa polepole, na lori jipya la tambarare, na bomba, na ndoo. Niliposema uniite, nikangoja, sikusikia kitu.

Nikageuka. Kipaza sauti alikuwa amekiweka chini. Alikuwa analia, na pumzi inapita kwenye kile kitambaa cha shingoni kwa mluzi mwembamba. Akahakikisha namtazama. Kisha midomo yake ikasema polepole, bila sauti yoyote, kama unavyomwambia mtu asiyejua kusoma midomo: Nipo.

Alitutoka kabla msimu haujaisha, asubuhi, baba yake amemshika mkono mmoja na mimi mwingine. Tulimzika nikarudi barabarani, maana kukaa nyumbani kulinishinda.

Yule karani wa ghala siku hizi anatuita kwa majina. "Bubu, upo?" anauliza, na mimi nasema nipo, na hakuna anayecheka. Lakini ukungu ukiwa mzito, nikifika Jiwe Refu, pale penye tambarare kidogo, nasimamisha lori, nazima injini, nashusha kioo. Chiriku wapo kwenye nyasi, siwaoni, wanaulizana. Nashika kitufe nasema nipo, ingawa hakuna aliyeniita. Kisha nakiachia.